Mume na mke wote wameitwa tathmini upya: waende siku moja au kila mtu na siku yake?

#1 Mtangawanda
Salaam wana jamvi. Naleta suala la nyumba moja kisiwani Pate, mwenye ujuzi asaidie.

Mume ana miaka 72. Kiharusi kimemlegeza upande wa kulia na maneno yanamtoka kwa shida. Yumo Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa pesa wasiojiweza, kwenye mfuko wa wazee. Mke ana 58. Presha ya macho imemaliza jicho la kushoto, na la kulia anaona kama anayechungulia ndani ya bomba. Yeye yumo Inua Jamii ya wenye ulemavu mkali. Kadi ya Baraza la Watu Wenye Ulemavu wanayo wote wawili.

Sasa wametakiwa wafanyiwe tathmini upya ya ulemavu hospitalini. Na juu ya hilo, malipo ya mume yameingia, ya mke hayakuingia, wakati siku zote yanaingia pamoja.

Msimamo wangu ni huu: waende siku moja, boti moja, gharama moja, na kila mmoja amsemee mwenzake. Nani amjue mtu kuliko aliyelala naye miaka thelathini? Anayepinga aseme.

#2 Viungo na Mifupa
Napinga, tena kwa nguvu.

Mume na mke walioishi na maradhi miaka mingi huzibiana mapengo mpaka wenyewe hawayaoni. Mke haoni kikombe, mume anamwambia "kulia kwako, mbele kidogo". Mume hawezi kufunga kifungo, mke anamfunga kwa kupapasa. Wakiingia pamoja, anayewapima anaona watu wawili nadhifu, wameketi, wanajibu. Mume anakwama katikati ya sentensi, mke anaimalizia, na kwenye fomu inaandikwa kwamba mazungumzo yanaeleweka. Fomu haina mahali pa kuandika "wakiwa wawili". Inamuuliza huyu, peke yake.

Kwa mwenye kiharusi kuna mtego mwingine. Nguvu ya misuli hupimwa kwa daraja 0 mpaka 5. Mkono unaoweza kuinuka dhidi ya uzito wake wenyewe unapewa 3, na 3 ikisomwa na mtu mwenye haraka inaonekana ni zaidi ya nusu. Lakini mkono wa daraja la 3 haufungi shuka, haukuni nazi, haubebi ndoo. Ndiyo maana mwombeni mtaalamu wa tiba ya viungo au wa tiba ya kazi ajaze kipimo cha Barthel, cha shughuli za kila siku, kabla ya siku ya tathmini. Jumla ni alama 100: kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti 15, kutembea 15, ngazi 10, kula 10, kuvaa 10, kwenda choo 10, kuzuia haja ndogo 10 na kubwa 10, kuoga 5, kujisafisha uso na meno 5. Karatasi hiyo moja inasema mengi kuliko barua ya kurasa tatu.

Kuna jambo la kuangalia hapo. Kipimo cha Barthel hakipimi kusema hata chembe. Tatizo la maneno liombewe mstari wake peke yake.

#3 Kusi la Juni
Mtaalamu #2, hoja nzuri, ila unazungumza kama Pate na mji wa Amu (Lamu) ni mtaa na mtaa. Siku mbili ni nauli mara mbili kwa mgonjwa na mara mbili kwa msindikizaji. Na boti inapita mkondo wa Mkanda, maji yakipwa ni kusubiri. Mwenye kiharusi akae juu ya ubao saa nzima kwenye jua, halafu arudie tena wiki ijayo?

#4 Karani wa Kata
Kabla hamjagombana, tenganisheni vitu. Nyuzi nyingi za aina hii hupotea hapa.

Kadi ya Baraza ni utambulisho. Inatoka baada ya tathmini ya kidaktari kwenye hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Kadi yenyewe haileti shilingi hata moja.

Inua Jamii ni jambo jingine. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mnufaika. Mfuko wa wazee ni wa aliyetimiza miaka 70 na asiyepokea pensheni ya serikali. Huo hauangalii ulemavu. Kwa hiyo kwa mume, tathmini ya hospitali haigusi pesa yake ya uzee. Akionekana anatembea vizuri kesho, bado ana miaka 72.

Mfuko wa wenye ulemavu mkali ndio unaoangalia hali. Ni wa nyumba maskini yenye mtu anayehitaji kuangaliwa na mwenzake saa zote, na una jina la mlezi pembeni ya jina la mnufaika. Kwa hiyo mwenye jambo la kupoteza kwenye tathmini hii ni mke. Nguvu zenu ziwekeni kwake.

Halafu kuna mambo ya mwajiriwa: msamaha wa kodi kwa mwenye ulemavu, ambapo shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi hazikatwi kodi, na malipo ya NSSF kwa aliyeshindwa kazi kabisa. Hayo hayahusiani na nyumba hii, nimeyataja ili mtu asije kuyachanganya.

#5 Mtangawanda
Shukran #4. Basi nielezeni la pesa ya mke kusimama. Tathmini hata hajafanyiwa.

#6 Wakala wa Gatini
Mara nyingi ni alama za vidole, mashine inashindwa kuzisoma. Uliza: huyo mama anasuka?

#7 Mtangawanda
Anasuka ukili, ndiyo. Anasuka kwa kupapasa, hahitaji macho.

#8 Wakala wa Gatini
Basi anza hapo. Msuka ukili anavuta miyaa, yale majani ya kusukia, kwa kidole gumba na cha shahada mchana kutwa, mistari ya ngozi inalika mpaka kidole kinang'aa. Ukikishika ni laini kama ganda la simbi. Mashine inataka mistari na haipati kitu. Wavuvi wanaovuta kamba na waanikaji wa papa wanapata tabu hiyo hiyo, chumvi na kamba vinakula ngozi.

Cha kufanya: siku mbili tatu kabla ya uhakiki asisuke. Usiku apake mafuta ya nazi, asubuhi aoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, akaushe kabisa. Kidole kikavu mno hakisomeki, na chenye maji hakisomeki pia. Akikisugua kidogo pembeni ya pua kinapata mafuta ya kiasi. Abonyeze polepole, asikandamize, kwa sababu kukandamiza kunafunga nafasi kati ya mistari. Vidole vya pete na vya mwisho huwa vizima, maana havivuti miyaa. Aombe vijaribiwe vyote kumi, na kama havikubali aombe iandikwe kwamba alifika na mashine ilikataa. Asiondoke mikono mitupu. Aliyefika akashindwa na ambaye hakufika kabisa, kwenye orodha wanaonekana sawa mpaka pawe na karatasi.

#9 Karani wa Kata
Inawezekana, lakini mie naona jina. Angalieni herufi kwa herufi: kitambulisho, kadi ya Baraza, akaunti. Majina yetu ya Pwani yanaandikwa kila afisa na sikio lake. Mwana na Mwanah, Athman na Othman, bin au binti likaachwa. Mifumo ikilinganishwa, jina lisilolingana linawekwa kando mpaka mtu aje alisahihishe. Hapo anakwenda kwa afisa wa ustawi wa jamii wa kaunti ndogo, na kitambulisho halisi pamoja na kivuli (nakala) chake.

#10 Dari ya Juu
Na akaunti iliyolala je? Watu wanaacha pesa zikusanyike wapunguze safari za boti, kumbe akaunti isiyoguswa muda mrefu inafungwa kwa tahadhari.

#11 Kusi la Juni
#10, mume naye angefungiwa basi. Wanasafiri pamoja, wanatoa pamoja.

#12 Dari ya Juu
Si lazima. Huenda wanatoa ya mume kwanza na ya mke wanaiacha iwe akiba. Nyumba nyingi hufanya hivyo.

#13 Jicho la Mbali
Niingie kwa upande wa macho, kwa sababu #4 amesema kweli kwamba mke ndiye mwenye jambo la kupoteza, na presha ya macho ndiyo maradhi yanayopimwa vibaya kuliko yote kwenye tathmini.

Ubao wa herufi unapima uoni wa katikati. Presha ya macho hula pembeni kwanza, katikati mwisho. Mtu anayeona ndani ya bomba anaweza kusoma mstari mzuri tu ubaoni, halafu akatoka akajigonga kwenye nguzo ya mlango. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kina milango miwili: jicho zuri kuona chini ya 3/60 hata kwa miwani, yaani kitu ambacho mwenye macho mazima anakiona akiwa mita 60 yeye asikione hata akiwa mita 3, AU upana wa uoni usiozidi nyuzi 10 kutoka katikati. Huyu mama yuko mlango wa pili. Akipimwa kwa ubao peke yake atatoka na alama ya mtu anayeona.

Kwa hiyo aombe kwa maneno haya haya: "Naomba nipimwe upana wa kuona, si herufi tu." Kuna mashine yake kwenye kliniki za macho. Pasipo na mashine, mtaalamu hukaa mbele ya mgonjwa, wote wafunge jicho moja, alete kidole kutoka pembeni na kuuliza kinaonekana lini. Si kipimo kamili, lakini kinaandikika.

La mwisho, na hili linawaumiza wengi: kwenye daftari la kliniki itakuwa imeandikwa presha, tuseme 16. Kawaida ni kati ya 10 na 21. Mtu asiye wa macho akiona 16 anasema amepona. Hajapona. Dawa ya matone inashusha presha ili kilichobaki kisiondoke. Kilichokwisha kuondoka hakirudi. Aombe daktari wa macho aandike sentensi hiyo waziwazi kwamba upotevu ni wa kudumu. Na matone asiyaache ili "aonekane mgonjwa". Kuna wanaoshauri hivyo vijiweni, na ni ushauri wa kumpofusha mtu.

#14 Viungo na Mifupa
#13 Mungu akuzidishie. Nimeona mtu akiambiwa hivyo hivyo kuhusu vidonge vya presha ya damu, asimeze wiki nzima. Kwa mwenye kiharusi huko ni kumwita kiharusi cha pili.

#15 Mtangawanda
Nimechukua. Lakini swali langu la kwanza halijajibiwa na watu wa boti. Pamoja au mbalimbali?

#16 Nahodha Mstaafu wa Faza
Wanangu, safari moja inawezekana na vyumba viwili vikawezekana. Wasafiri pamoja, waingie kwa daktari mbalimbali. Mmoja ndani, mmoja nje kwenye baraza. Anayeingia na kila mmoja awe mtu wa tatu: binti, mpwa, jirani aliyewahi kulala nyumba hiyo.

Na siku waichague kwa mwezi, si kwa kalenda ya ukutani tu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, huku kwetu maji yanapwa kabisa saa nne saa tano asubuhi. Huo ndio wakati mnaofika gatini. Boti iko chini, ngazi zimeota mwani, mtu wa kiharusi anabebwa mgongoni. Siku za maji mafu, tarehe saba mpaka tisa na ishirini na mbili mpaka ishirini na nne za mwezi wa kuandama, saa hizo hizo maji yamejaa na boti inakaa karibu sawa na gati. Anavuka kwa hatua moja. Kila siku maji yanachelewa kama dakika hamsini, hesabuni.

Akipanda, mguu mzima ndio unatangulia. Akishuka kwenye ngazi, mguu mbovu ndio unatangulia. Anayemshika akae upande mbovu, na asimvute ule mkono uliolegea, bega litatoka. Akae katikati ya boti, si tezini (nyuma) wala omoni (mbele), na jaketi la kujiokolea avalishwe kabla ya kuketi. Miezi ya kusi, Juni mpaka Agosti, waondoke alfajiri kabla upepo haujaanza.

#17 Kusi la Juni
Shikamoo nahodha. Hapo nimenyamaza.

#18 Karani wa Kata
Marahaba kwa niaba yake, maana akishapanda boti simu hazimpati :) Naongeza kwenye #16: wapige simu hospitalini kwanza waulize siku ya tathmini. Wanaopima huhitajika zaidi ya mmoja kusaini, na si kila siku wapo wote. Watu wametoka Kiunga wakakuta saini moja imo, nyingine imekwenda mkutanoni Mokowe.

#19 Langoni hadi London
Walioko Uingereza wanapitia mtihani kama huu, na kuna jambo la kuazima. Kule kuna malipo ya wenye ulemavu yanaitwa PIP. Yanampima mtu mmoja mmoja hata kama ni mume na mke, shughuli 12, kumi za maisha ya kila siku na mbili za kwenda huku na huku. Alama 8 ni kiwango cha kawaida, 12 ni cha juu. Malipo mengine, Universal Credit, mume na mke wanaoishi pamoja wanaomba kwa pamoja. Kwa hiyo nyumba moja ina pesa za mtu na pesa za nyumba, kama hii ya #1.

La kuazima ni hili: kwenye PIP, kusema mtu "anaweza" kitu ni lazima aweze kukifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia kila inapohitajika, na kwa muda usiopindukia. Hizo nne zichukueni mkaandikie daftari la siku 14. Si "anapika". Andika: "Jumanne, aliwasha jiko, aliungua kiganja kwa sababu hakuona mpini, mchele ulimwagwa nje ya sufuria." Na ukikataliwa kule una mwezi mmoja wa kuomba uamuzi uangaliwe upya, kabla ya kwenda mahakama ya rufaa.

#20 Dari ya Juu
#19, daftari zuri, lakini hapa nani atalisoma? Foleni ina watu arubaini.

#21 Viungo na Mifupa
Halisomwi lote. Unatoa mistari mitano mikali kabisa unaiandika kwenye karatasi moja, tarehe mbele. Hiyo inasomwa. Daftari lenyewe unabaki nalo kwa ajili ya rufaa.

Na daftari la mume liandikwe na mtu wa tatu, la mke vilevile. Mwenzi hapunguzi wala haongezi kwa makusudi, ila ameshazoea. Muulizeni mke kama mume anakula mwenyewe, atasema ndiyo. Kaeni mtazame: mke anamtoa mwiba samaki kwa vidole, anamkusanyia wali upande wa kushoto wa sahani, mume anainua kijiko tu. Kwenye Barthel hiyo si 10. Ni 5.

#22 Mwalimu wa Madrasa
Kuna jambo la staha hapa hamjaligusa. Mume kusema mbele ya mkewe kwamba hawezi kujizuia haja ni jambo zito, na mke naye hatasema mbele ya kijana wa jirani. Basi mtu wa tatu achaguliwe kwa hilo pia: mwanamke kwa mke, mwanamume kwa mume. La siri liandikwe na kutiwa kwenye bahasha apewe daktari mkononi. Likifichwa, alama 20 za haja zinahesabiwa kamili.

#23 Mtangawanda
Nimerudi na habari. Nimeomba waangalie karatasi za mke. Kwenye mfuko wa ulemavu mkali, mlezi wake aliyeandikwa ni MUME. Aliandikishwa kabla ya kiharusi.

#24 Wakala wa Gatini
Hapo sasa! Kama mlezi ndiye anayeweka kidole, kidole chake ni cha mkono wa kulia uliokunjika ngumi. Mashine haiwezi kumsoma. Ya uzee anaipata kwa sababu huenda huko waliandikisha mkono wa kushoto.

#25 Karani wa Kata
Au hapakuwa na kidole kibaya, bali mtu ameona kwenye orodha mlezi mwenye miaka 72 ambaye naye ni mnufaika na ana kadi ya ulemavu, akaiweka nyumba hiyo pembeni ichunguzwe. Mie bado sijaliondoa jina. Pelekeni vyote vitatu: jina, mlezi, vidole. Malalamiko yaandikwe, kivuli chake kigongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Mkijibiwa kwa mdomo ombeni kwa maandishi: Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma haki ya kupewa sababu zilizoandikwa, na kuna Sheria ya Uamuzi wa Haki wa Kiutawala ya 2015 inayofafanua. Wakikaa kimya, kuna Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

#26 Dari ya Juu
Na bado hamjaondoa akaunti kulala.

#27 Jicho la Mbali
Wala hamjaondoa hili: pengine anahesabiwa kwamba anaona, kutokana na kipimo cha herufi cha zamani. Nani anayo fomu ya kwanza? Itafuteni mwone kama pameandikwa upana wa uoni, na kama pamewekwa ulemavu wa kudumu au wa kuangaliwa tena.

#28 Mtangawanda
Fomu ya kwanza imo sandukuni, nitaipiga picha. Suala la mlezi: binti yao yuko Mombasa. Anaweza kuandikwa?

#29 Karani wa Kata
Mlezi ni anayekaa na mnufaika. Binti wa Mombasa ataandikwa leo, kesho uhakiki ukija hayupo, mnarudi palepale. Nani mwingine anaamka nyumbani humo?

#30 Mtangawanda
Mjukuu wa kike, miaka 19, kitambulisho anacho. Ndiye anayeteka maji na kumpeleka bibi msalani usiku.

#31 Karani wa Kata
Huyo. Aende na babu kwa naibu wa chifu, babu mwenyewe atamke kwamba anaachia ulezi, ili isionekane amenyang'anywa. Akishindwa kutamka, atikise kichwa mbele ya mashahidi wawili na iandikwe hivyo.

#32 Nahodha Mstaafu wa Faza
Leo mwezi wa kuandama uko siku ya tano. Keshokutwa maji mafu yanaanza. Mkipata nafasi hospitalini, siku ya nane ni nzuri.